Kuchomelea vyuma kuliingiaje siasa?

Kila msimu wa siasa utaskia hii: vijana waache kukimbilia digrii, waende wajifunze kuchomelea vyuma. Umati unapiga makofi, lakini wazazi wengine wananuna. Huo mnuno una historia.

Mwaka 1909, ripoti ya Fraser ilipendekeza elimu itengwe kwa rangi, na Mwafrika afunzwe kazi za mikono. Mwaka 1924 Kabete ikapata chuo cha ufundi cha Waafrika, na mwaka huohuo tume ya Phelps-Stokes ikapita Afrika Mashariki ikisisitiza elimu ya aina hiyo. Ufundi wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba ule mlango mwingine ulifungwa. Kwa hivyo mzee akikataa mtoto wake ashike nyundo, si ati anadharau chuma.

Baada ya uhuru tukayumba. 8-4-4 ilipoanza 1985 ilileta masomo ya ufundi, lakini mzigo wa karakana na vifaa ukawaangukia wazazi. Kenya Polytechnic, iliyofunza mafundi tangu 1961, ikawa chuo kikuu 2013. Yaani tunahubiri ufundi huku tukigeuza shule yake kuwa ya digrii! Sijui nicheke ama nilie.

Wakati huo wote kazi ilikuwa inafunzwa jua kali. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 ilisema sekta hii inaajiri watu wengi, ilhali serikali inaihangaisha. Nenda Kariobangi uone. Kijana anaanza kwa kushikilia vyuma na kupiga brashi, anapewa grinda, halafu siku moja anaachiwa aunge kona ya geti isiyoonekana. Baada ya miaka miwili, mitatu, anajua moto ukizidi unatoboa bomba, ukipungua mshono unakaa juu juu tu. Lakini hana karatasi.

Na karatasi ndiyo siasa yenyewe. Tenda, kiwanda, kazi ya Ghuba, zote zinaanza na cheti. Mtihani wa serikali wa ufundi upo, gredi ya 3 hadi ya 1, lakini una ada. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini ilizinduliwa 2024. Sasa, anayekuambia ushike chuma (na mimi wa sayansi ya siasa najua mtaniuliza nashika nini), mwulize: fundi wa miaka kumi pale Kariobangi atapimwa wapi, na ada analipa nani?