Njia Iliyo Rahisi: Hundi, Hawala na Gharama ya Kupeleka Fedha Ng'ambo katika Historia ya Upwa wa Afrika Mashariki

1. Utangulizi



Naomba nianze na neno moja. Katika Kiswahili, neno rahisi lina maana mbili: kitu kisichohitaji fedha nyingi, na jambo lisilohitaji taabu nyingi. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako aghalabu hutaja kitu cha bei ndogo. Maana ya wepesi imeshamiri katika lugha yetu. Kwa hiyo mtu aliye ugenini anapouliza, "Ipi njia iliyo rahisi ya kumpelekea mama fedha?", huwa anauliza maswali mawili kwa mkupuo mmoja. Mhadhara huu unahusu maswali hayo mawili: ni wakati gani yalikuwa na jibu moja, na ni wakati gani jibu la moja lilikuwa kinyume cha jibu la jingine.

Ninakusudia kuonyesha kwamba, tangu karne ya 19 hadi leo, sehemu kubwa ya gharama ya kupeleka fedha mbali imekuwa bei ya kuaminiana. Palipokuwa na watu wanaojuana na wenye daftari moja la madeni, gharama ilikuwa ndogo. Palipokosekana ujuano huo, ilibidi mtu mwingine aulipiwe, awe ni benki, posta, au kampuni ya simu. Swali la kihistoria, basi, ni nani aliyeruhusiwa kuaminiwa, na nani alilazimika kununua uaminifu wa wengine.

2. Uzito wa fedha

Kiswahili hutumia neno fedha kwa madini na kwa pesa kwa jumla, na kwa muda mrefu mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Sarafu kuu ya biashara ya Unguja katika karne ya 19 ilikuwa reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyoendelea kuchapwa tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban gramu 28. Reale 1,000 zilifika kilo 28, yaani karibu frasila mbili, ambao ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Aliyetaka kupeleka mali hiyo Kutch, Maskati au Bombay kwa jahazi alihitaji nahodha mwaminifu, bahari tulivu na pepo za majira. Kusi ndiyo iliyovipeleka vyombo kaskazini. Aliyechelewa alisubiri mwaka mwingine. Dhoruba ikimkuta njiani, alipoteza yote.

Bara mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa reale haikuwa na soko kubwa huko. Thamani ilibebwa na merikani, kaniki, ushanga na waya wa shaba. Kupeleka mali Tabora au Ujiji kulimaanisha kuajiri msafara, kulisha wapagazi na kulipa hongo kwa watawala wa njiani. Hapo njia haikuwa nafuu wala nyepesi.

3. Karatasi iliyovuka bahari

Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikwisha kupata jawabu zamani. Jawabu hilo limeacha maneno mawili katika kamusi zetu. La kwanza ni hundi, lililotoka Bara Hindi na ambalo sasa tunalitumia kwa karatasi ya benki. La pili ni hawala, la Kiarabu, lenye asili ya kugeuza au kuhamisha. Katika sheria ya Kiislamu hawala ni kuhamisha deni kutoka kwa mdaiwa mmoja hadi kwa mwingine, na Sahihi ya Bukhari ina kitabu kizima kinachohusu jambo hilo. Baadaye watu wetu walilichukua neno lilo hilo wakaipa posta: hawala ya posta.

Utaratibu wake ni huu. Mtu wa Unguja anayetaka jamaa yake wa Bombay apate fedha humkabidhi mfanyabiashara wa Unguja kiasi hicho. Mfanyabiashara huandika waraka kwa mwenzake wa Bombay, naye humlipa mpokeaji kutoka katika kasha lake mwenyewe. Hakuna sarafu iliyovuka bahari. Kilichobaki ni deni baina ya wafanyabiashara wawili, nalo hulipwa kwa bidhaa: Unguja ilipeleka pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, Bara Hindi ilileta nguo. Kwa kuwa mizigo hiyo ingesafiri hata kama hakuna aliyepeleka fedha, kuongeza mstari mmoja katika daftari kuligharimu kidogo sana. Hiyo ndiyo siri ya unafuu wa hawala, zamani na sasa.

Hundi zilikuwa za aina mbalimbali. Iliyoitwa darshani ililipwa mara inapoonyeshwa. Iliyoitwa muddati ililipwa baada ya kipindi kilichowekwa. Msikilizaji wa Kiswahili atalitambua mara moja neno muda ndani ya jina hili la pili, maana yote mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Hundi ya muda ilikuwa mkopo pia: aliyeipokea fedha leo na kuilipa baada ya miezi kadhaa alikuwa na mtaji wa kufanyia kazi.

Mfumo huu ulishikiliwa na nyumba chache kubwa. Nyumba ya Jairam Shivji, ya Mabhatia wa Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Unguja kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, na Ladha Damji alikuwa miongoni mwa waliousimamia. Tharia Topan, Khoja aliyekuwa tajiri mashuhuri, alimkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Wasomi wa fasihi tumezoea kuusoma wasifu wa Tippu Tip kama mfano wa mapema wa nathari ya Kiswahili. Ni vyema tuusome pia kama daftari: ndani yake mna mikopo, bidhaa, marejesho na majina ya wadai. Wala tusisahau kwamba mikopo hiyo iligharimia misafara ya pembe na ya watumwa. Uaminifu baina ya wafanyabiashara haukuwa uadilifu kwa kila mtu.

4. Mpaka wa uaminifu

Hundi ilifanya kazi mahali daftari lilipofika, na zaidi ya hapo iliishiwa nguvu. Mwaka 1871 David Livingstone aliporejea Ujiji, alikuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzisindikiza. Malipo yalikuwa yamefanyika salama pwani. Mali ikapotea pale ilipolazimika kutembea kwa miguu mikononi mwa mtu ambaye hakuna wa kumwajibisha. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpaka wa pili uliwekwa na sheria. Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na sheria ya kuzuia wenyeji kukopeshwa, ambayo kwa jumla ilimnyima mfanyabiashara haki ya kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika bila kibali maalumu. Ilitetewa kuwa ni kinga kwa mwenyeji. Athari yake ilikuwa kwamba Mwafrika hakuweza kuingia kwa urahisi katika daftari la uaminifu ambalo hundi ilitegemea. Manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, waliotoka mbali kama Songea na Burundi, mara nyingi walirudi kwao na mishahara yao viunoni, au wakamkabidhi mwenzao aliyetangulia. Kwao, njia isiyo na ada ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa.

5. Posta, benki na shilingi moja

Taasisi za kisasa zilifika kwa hatua. Posta ya India ilifungua ofisi Unguja mwaka 1875. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika kutoka Aden mwaka 1879, na agizo la malipo lililosubiri pepo likaweza kufika siku ileile. National Bank of India ilifungua tawi Unguja mwaka 1892 na Mombasa mwaka 1896. Sasa mtu asiyejuana na tajiri yeyote aliweza kununua uaminifu dirishani, kwa ada iliyobandikwa ukutani.

Jambo ambalo husahauliwa ni unafuu ulioletwa na sarafu ya pamoja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Shilingi yake ilianza mwaka 1921, na Zanzibar ikajiunga mwaka 1936. Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933. Mfanyakazi wa bandari ya Mombasa aliyempelekea mkewe fedha Tanga hakubadilisha sarafu. Tusiusifu ukoloni kwa hilo, kwani bodi hiyo iliundwa kwa maslahi ya London. Hata hivyo mtumaji alinufaika.

Umoja huo ulivunjika hatua kwa hatua. Kila nchi ilianzisha benki kuu yake mwaka 1966. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Fauka ya hayo, Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na pengo kati ya kiwango rasmi na kile cha mitaani likapanuka sana. Hapo ndipo gharama iliyofichika ilipojitokeza. Aliyempelekea mzazi fedha kwa njia ya benki alikatwa ada ndogo, lakini fedha yake ilibadilishwa kwa kiwango rasmi, na thamani kubwa ikapotea bila stakabadhi yoyote kuonyesha. Basi watu wakatumia njia nyingine. Wazanzibari waliokuwa Omani na Dubai waliwapa jamaa wasafiri bahasha, au walipeleka bidhaa. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania ilianza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata, na mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yakahalalishwa.

6. Hawala matatani, simu mkononi

Wakati huohuo hawala ilipata uhai mpya kwa Wasomali, waliopoteza benki zao serikali ilipoanguka mwaka 1991. Kutoka Minneapolis hadi Eastleigh, utaratibu ulikuwa uleule wa Unguja na Bombay: daftari mbili, neno la siri, na biashara ya bidhaa ya kusawazisha madeni. Novemba 2001 Marekani iliifunga Al-Barakaat, kampuni kubwa kabisa ya Wasomali ya kupeleka fedha, kwa tuhuma za ugaidi. Baadaye tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ilibaini kwamba watekelezaji walitumia benki za kawaida. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kupeleka fedha, ikazirejesha Juni. Kwa familia iliyotegemea dola 100 kwa mwezi, miezi miwili ni mirefu.

Sikusudii kusema kwamba serikali hazina sababu ya kudhibiti. Daftari lisilokaguliwa linaweza kuficha uhalifu. Ninachosema ni kwamba gharama ya udhibiti humwangukia zaidi mtumaji mdogo.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Kwa jicho la mwanahistoria, wakala wa M-Pesa ni jamaa wa karibu wa mwenye hundi: hupokea sarafu hapa, mwenzake hulipa kule, na sarafu yenyewe haisafiri. Tofauti ni kwamba daftari ni moja, nalo ni mali ya kampuni. Ndani ya nchi, maana mbili za rahisi zilikaribiana tena. Lakini serikali nazo ziliona mto unapita: Julai 2021 Tanzania iliweka tozo ya miamala ya simu, malalamiko yakazagaa, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Nje ya mipaka hali ni tofauti. Umoja wa Mataifa ulikubaliana mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 gharama ya kupeleka fedha ishuke chini ya asilimia 3. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 wastani wa kupeleka dola 200 Afrika kusini mwa Sahara ulikuwa karibu asilimia 8. Na katika takwimu za Benki ya Dunia, njia za kutoka Tanzania kwenda Kenya, Uganda na Rwanda zimetajwa mara kwa mara miongoni mwa zilizo ghali kupita zote. Mahali palipokuwa na shilingi moja na posta moja, sasa fedha huvuka mpaka kwa taabu kuliko inavyovuka bahari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi aliyeko Uingereza anapeleka pauni 100. Kampuni ya kwanza inatoza pauni 4 na kubadilisha kwa kiwango cha soko. Ya pili inatangaza kwamba haitozi ada, lakini kiwango chake kiko chini ya soko kwa asilimia 6. Ya pili inaonekana ya bure, kumbe ni ghali zaidi. Akipeleka pauni 400 kwa ada ileile ya 4, kampuni ya kwanza inamgharimu asilimia 1 tu. Akipeleka pauni 40, asilimia 10. Kipimo cha kweli ni kimoja: mpokeaji ametia shilingi ngapi mkononi?

7. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba hundi ilikuwa nafuu kwa waliomo daftarini, na kwamba historia yote iliyofuata ni ya waliokuwa nje yake kutafuta mlango. Ada, tofauti ya viwango, tozo na leseni ni majina mbalimbali ya bei ya mlango huo. Wachumi wanayo kazi ya kuishusha. Sisi wa taaluma za Kiswahili tunayo kazi yetu: kuyakusanya maneno ya amana, dhamana, wakala, hundi na hawala kutoka kwa wazee wa Mkunazini, Lamu na Ujiji, pamoja na daftari zao za Kigujarati na za hati za Kiarabu, kabla mchwa haujazimaliza. Humo mna ushahidi wa jinsi watu wa upwa huu walivyopelekeana mali kwa karne nyingi, na wa nani aliyeachwa nje.