NGAZI YA MAHITAJI NA UTU WA MFANYAKAZI

Swali la nini kinachomsukuma binadamu kufanya kazi si la wasomi peke yao. Ni swali la siasa, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mfanyakazi atendewe vipi. Hatuna budi basi kuichunguza nadharia moja iliyoenea sana katika mafunzo ya uongozi wa kazi.

Mwaka 1943 Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa makala juu ya mahitaji ya binadamu. Aliyagawa katika makundi matano: mahitaji ya mwili, kama chakula, usalama, upendo na kuwa na wenzako, heshima, na mwisho, mtu kutimiza vipaji vyake. Hitaji la chini likitoshelezwa, alisema, la juu yake huamka. Yeye mwenyewe alieleza kwamba utaratibu huo unaweza kugeuka, na kwamba si lazima hitaji moja litoshelezwe kabisa ndipo jingine lizuke. Ile piramidi maarufu haimo katika makala hiyo. Ilichorwa baadaye na waandishi wa mambo ya uendeshaji wa makampuni.

Mwaka 1960 Douglas McGregor aliyatumia mawazo hayo kuwapinga mameneja walioamini kuwa mfanyakazi ni mvivu kwa asili. Hiyo ilikuwa hatua ya mbele. Lakini swali la nani mwenye kiwanda halikuguswa. Nadharia ya binadamu ikawa chombo cha mwajiri cha kuongeza uzalishaji.

Tuipime basi kwa matendo ya wafanyakazi wa nchi ile ile. Tarehe 1 Februari, 1968, mjini Memphis, wazoa taka wawili Weusi walisagwa na mtambo wa lori la taka walimokuwa wamejikinga mvua. Tarehe 12 wenzao wapatao 1,300 waligoma. Mishahara yao ilikuwa duni mno. Kwa mujibu wa piramidi, walipaswa kushiba kwanza ndipo wadai heshima. Wao walidai nyongeza ya mshahara na kutambuliwa kwa chama chao, huku wamebeba mabango yaliyotangaza kwamba kila mmoja wao ni mtu. Martin Luther King, aliyekwenda kuwaunga mkono, aliuawa huko tarehe 4 Aprili. Tarehe 16 mgomo ulikwisha kwa ushindi wa madai yote mawili.

Hapa kwetu pia, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipoharamisha majivuno, dharau na uonevu wa viongozi, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma kupinga unyapara.

Fundisho ni dhahiri. Mkate na utu hudaiwa pamoja. Kiongozi anayemwambia mfanyakazi kwamba heshima ingoje shibe anamdhulumu. Na anayempa sifa badala ya ujira wa haki anamdhulumu vile vile.