Kuyumba na Chanzo Chake: Historia Fupi ya Utambuzi wa Maradhi ya Ubongo Mdogo Tanzania

Historia ya maradhi ya ubongo mdogo, yaani serebelamu, nchini Tanzania haitenganiki na historia ya maradhi yanayofanana nayo. Insha hii inajenga hoja kwamba tafiti za nchini zilidhihirisha kuwa si kila anayeyumba ameathirika ubongo mdogo.

Dalili zenyewe zilifafanuliwa kwa kina na Gordon Holmes mwaka 1917, kutokana na askari waliojeruhiwa kwa risasi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mgonjwa hutembea akitanua miguu, mkono hutetemeka zaidi unapokaribia kitu, maneno hutoka vipande vipande, macho huchezacheza. Nguvu ya misuli huweza kubaki, lakini ulinganifu wa miondoko hupotea.

Mwaka 1962, Haddock, Ebrahim na Kapur waliripoti katika *British Medical Journal* kuhusu maradhi ya kuyumba yaliyoonekana Tanganyika. Miaka kumi baadaye, Makene na Wilson walipochapisha uchunguzi wa kibayokemia, maradhi hayo yalitajwa kuwa ya neva. Mgonjwa wa neva huyumba kwa sababu miguu haipeleki habari ya mahali ilipo. Akifumba macho, hali huzidi sana. Wa ubongo mdogo huyumba hata akifumbua. Kisha ukame wa mwaka 1985 ulileta konzo wilayani Tarime. Howlett na wenzake walieleza mwaka 1990 kwamba miguu ya wagonjwa ilikakamaa ghafla, na wakaihusisha hali hiyo na sianidi ya mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha.

Tofauti hizo zina uzito kwa mgonjwa wa Mbuchi, katika delta ya Rufiji, ambako mito na maji kujaa na kupwa huamua safari. Ubongo mdogo huweza kudhurika kwa malaria kali, tetekuwanga kwa watoto, kiharusi, uvimbe, kifua kikuu kilichofika ubongoni au pombe ya miaka mingi. Fenitoini ikizidi kwa mwenye kifafa huleta dalili zilezile, nazo mara nyingi hupungua daktari akirekebisha kipimo cha dawa.

Kwa hiyo, kumwita mgonjwa mlevi au aliyerogwa ni kumfungia mlango wa tiba. Kugusa pua kwa kidole, kuburuza kisigino juu ya muundi na kusimama macho yakiwa yamefumbwa ni vipimo visivyohitaji mashine. Historia inathibitisha kuwa utambuzi ulianza kwa kutazama vyema.