Lita Ileile, Kilomita Tofauti: Dizeli na Malori Tangu 1893

Mwaka 1893 mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alipewa hataza ya injini inayowasha mafuta bila cheche, kwa joto la hewa iliyobanwa peke yake. Miaka minne baadaye, mjini Augsburg, injini hiyo iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za kawaida za enzi ile hazikukikaribia. Hapakuwa bado na mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Katika Maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa hata kwa mafuta ya karanga. Injini ilitangulia, mafuta yake yakafuata, na karne nzima iliyofuatia yalikuwa yakibadilishwa mara kwa mara, kila badiliko likigusa umbali ambao lori huweza kwenda kwa lita moja.

Kwa muda mrefu uzito wa injini hiyo uliifungia viwandani na melini. Malori ya kwanza ya dizeli yalitoka Ujerumani mwaka 1923 na 1924, katika viwanda vya Benz na MAN, na njia ilifunguka hasa Robert Bosch alipoanza kutengeneza pampu ya dizeli kwa wingi mwaka 1927. Injini ya lori huzunguka kwa kasi, na mafuta yana sehemu ndogo mno ya sekunde kuwaka. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 wanakemia walikuja na kipimo cha seteni, kinachoonyesha jinsi mafuta yanavyowahi kushika moto baada ya kunyunyizwa. Kipimo hicho kilizaa imani iliyopo hadi leo, kwamba seteni kubwa ni kilomita nyingi. Sivyo. Seteni husaidia injini kuwaka asubuhi ya baridi na kupunguza kelele yake. Ikishatosha, kuiongeza hakupunguzi ulaji wa mafuta kwa kiasi cha kuonekana.

Siri ya kilomita imo katika uzito. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36 za nishati, ilhali ya petroli ina kama 32, kwa sababu dizeli ni nzito zaidi. Dereva hununua lita, injini huchoma uzito. Bei ya mafuta ghafi ilipopanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, tofauti hiyo, pamoja na ufanisi wa injini yenyewe, iliimarisha nafasi ya dizeli katika usafirishaji wa mizigo mizito. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuonja thamani ya lori la masafa marefu: baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na njia ya mafuta ya Zambia kupitia huko kukatika, mafuta hayo yalibebwa na malori kutoka Dar es Salaam kwa barabara mbovu, hadi bomba la mafuta la TAZAMA, kati ya Tanzania na Zambia, lilipokamilika mwaka 1968.

Kisha ikaja enzi ya kuondoa salfa, nayo ndiyo iliyobadilisha dizeli kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1991 Sweden ilileta dizeli nyepesi yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Marekani iliweka kikomo cha sehemu 500 kwa milioni mwaka 1993, ikashuka hadi 15 mwaka 2006. Salfa huondolewa kwa kuyapitisha mafuta kwenye hidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa, na hidrojeni hiyo huvunja pia baadhi ya molekuli nzito. Mafuta hutoka mepesi zaidi, na nishati ya kila lita hupungua kwa takriban asilimia 1. Hupotea pia ulaini uliokuwa ukilinda pampu. Huko Sweden pampu ziliharibika kabla ya viungio vya kulainisha kuwa jambo la lazima.

Wenye malori walilalamika, na kwa asilimia 1 ile walikuwa na haki. Lakini hasara kubwa zaidi ilitokana na injini. Mfumo wa kurudisha moshi ndani ya silinda ili kupunguza gesi chafu, ulioenea Marekani kuanzia 2002, uliongeza ulaji wa mafuta. Mwaka 2010 wengi wa watengenezaji walihamia kwenye kusafisha moshi kwa urea ndani ya ekzosi, injini ikarudi kuchoma vizuri, na kilomita zilizopotea zikarejea. Vichujio na vichocheo vya ekzosi visingedumu kwenye mafuta ya salfa nyingi, hivyo nina hakika asilimia ile ilikuwa bei ya haki. Dizeli ya mimea nayo ina gharama yake: ikiwa safi, nishati yake kwa lita ni pungufu kwa karibu asilimia 8, ikichanganywa kwa asilimia 20, pengo ni kati ya asilimia 1 na 2.

Kwetu Afrika Mashariki muundo wa dizeli uliharibiwa pia kwa mikono. Mafuta ya taa, mepesi na yasiyo na ulaini, yalichanganywa kwenye dizeli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. Mwenye lori alipoteza kilomita, kisha pampu. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kufichua uchanganyaji huo, kwenye mafuta mwaka 2010, Tanzania ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta hayo mwaka 2018. Kati ya hatua hizo, Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni.

Hakuna tena kiwanda cha pwani kinachoamua uzito wa dizeli yetu. Tiper ya Dar es Salaam iliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990, na kiwanda cha Changamwe, Mombasa, mwaka 2013. Tangu 2023 Kenya hununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwa mkataba na kampuni za serikali za Saudia na Falme za Kiarabu. Dizeli hiyo hutanuka kwa joto: lita 1,000 zilizopimwa kwenye nyuzi 15 huwa takriban 1,012 kwenye nyuzi 30. Lori linalojaza tangi mchana wa Mombasa kuelekea Malaba, mpakani mwa Uganda, hulipia ongezeko hilo ambalo halina nishati ya ziada ndani yake.