Jules Chéret, Fundi wa Matangazo ya Picha

Leo twataka kueleza habari za Mfaransa mmoja aliyezipamba kuta za mji kwa picha. Jina lake Jules Chéret. Alizaliwa Paris mwaka 1836. Baba yake alikuwa fundi wa kupanga herufi za chapa, mtu wa kipato kidogo, na mtoto hakukaa sana shuleni. Alipotimia miaka 13 alitiwa kwa fundi wa kupiga chapa kwa mawe, akajifunza kazi hiyo muda wa miaka mitatu.

Yafaa tuieleze kazi yenyewe. Fundi huchukua jiwe la chokaa lililosuguliwa hata likawa laini, akachora juu yake kwa kalamu yenye mafuta, kisha akalilowesha maji. Sote twajua ya kuwa maji na mafuta hayapatani. Basi wino, ambao nao una mafuta, hushika palipochorwa tu, na penye maji haushiki. Karatasi ikikandamizwa juu ya jiwe, picha hutoka. Kila rangi yataka jiwe lake, na mawe yote hayana budi kulingana sawasawa, ama sivyo picha huharibika.

Mwaka 1858 Chéret alichora tangazo la rangi la mchezo wa kuimba wa Offenbach, uitwao Orphée aux Enfers. Lilipendeza, lakini kazi nyingine haikufuata, naye akaenda London kutafuta riziki. Huko aliajiriwa na Eugène Rimmel, mfanyi biashara wa manukato, akaziona pia mashine kubwa za chapa za Waingereza. Mwaka 1866, kwa msaada wa fedha za Rimmel, alirudi Paris akafungua karakana yake mwenyewe.

Hapo ndipo elimu ya utoto wake ilipomfaa. Mchoraji asiyelijua jiwe angalitaka mawe mengi, na gharama ingalizidi. Chéret alichora juu ya jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Kwa mawe machache tu, na kwa kunyunyiza wino matone madogo madogo, alipata rangi nyingi: nyekundu ikipita juu ya manjano, jicho huona rangi ya chungwa. Hivyo tangazo likawa kubwa, lenye kung'aa, na la bei nafuu. Alitangaza michezo, mafuta ya taa, vinywaji, na mwaka 1889 ukumbi wa ngoma wa Moulin Rouge.

Mwaka 1881 sheria mpya ya Ufaransa ilipanua uhuru wa kupiga chapa na kubandika matangazo. Kuta zikajaa picha, na mtu asiye na senti aliziona bure akienda kazini. Wengine waliyabandua matangazo, wakayaweka nyumbani kama hazina. Mwaka 1890 serikali ilimpa Chéret nishani ya Légion d'honneur, kwa kuwa ameingiza sanaa katika chapa ya biashara. Vijana wakaifuata njia yake. Mmoja wao, Toulouse-Lautrec, alitoa tangazo lake la kwanza mwaka 1891.

Chéret alifanya matangazo zaidi ya 1,000. Uzeeni macho yake yalipofuka, akafariki Nice mwaka 1932, mwenye umri wa miaka 96. Jumba la picha la mji huo lina jina lake. Naye asingalifika huko kama angaliidharau kazi ya jiwe na wino aliyofundishwa utotoni. Wahenga walinena kweli: mtaka cha mvunguni sharti ainame.