Nani Kaligundua Ziwa? Likizo ya Mwanza na Watoto wa Shule

Muulize mtoto wa darasa la tano nani aligundua Ziwa Victoria. Atakujibu kabla hujamaliza swali: John Hanning Speke, mwaka 1858. Mwalimu anataka hivyo, mtihani unataka hivyo, na yeye anataka alama zake. Lakini kama mtoto huyo ni wa Igombe au Magu, mababu zake walikuwa wakitega samaki kwenye ziwa hilo hilo kabla Speke hajazaliwa. Sasa walimkuta Speke wakiwa wanavua nini, na wapi, kama ziwa lilikuwa halijagunduliwa?

Nimelibeba swali hili muda mrefu, na ndilo limenifanya niandike juu ya likizo.

Sisi tuliozaliwa miaka ya themanini na tisini, likizo ilikuwa kwa bibi. Hakuna aliyekaa chini kupanga ratiba. Ulipakiwa kwenye basi na gunia la sukari na sabuni, ukarudi shule inapofunguliwa ukiwa mweusi tii na magoti yenye makovu. Leo wazazi wa rika langu wanapanga. Ninao jamaa wanaochungulia Tokyo na Kyoto kwenye simu usiku, wakipiga hesabu ya tiketi za watu wanne, halafu wanazima simu na kulala. Siwacheki. Ila nawaambia hivi: kabla ya treni ya kasi ya Wajapani, mmeshawahi kuwapandisha watoto kilima cha Isamilo?

Anzeni na mnara wa saa, mjini kati. Pana kibao kinachosema kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, maili moja tu kutoka hapo, Speke aliyaona kwa mara ya kwanza maji ya ziwa ambalo alithibitisha kuwa chanzo cha Nile. Mwache mtoto akisome mwenyewe kwa sauti. Halafu mwambie kimeandika kweli na chumvi kwa pamoja.

Speke alifika kweli. Alitoka Kazeh, yaani Tabora, akamwacha mwenzake Richard Burton kule akiwa mgonjwa. Ila habari za ziwa hawakuziota. Waliambiwa hapo hapo Kazeh na wafanyabiashara wa Kiarabu, akiwamo Snay bin Amir, watu waliokuwa wakilijua kwa jina la Ukerewe kutokana na biashara zao. Na Speke hakutembea peke yake. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akaishi India miaka mingi kabla ya kurudi Afrika. Ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya Speke njia nzima. Kwa hiyo msafara wa "mgunduzi" ulikuwa na mtu aliyeelekezwa, akiongozana na mtu anayemtafsiria, kwenda mahali penye watu.

Na kuthibitisha? Hapana. Alikaa Mwanza siku chache tu, akatazama maji, akakisia. Kisio lilikuwa sahihi, sawa, lakini lilikuwa kisio. Alirudi safari nyingine na mwaka 1862 akafika Jinja, mto unapotokea. Hata hapo Burton alimkatalia. Wawili hao walipangiwa kukutana jukwaani huko Bath, Uingereza, Septemba 1864, na siku moja kabla yake Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Henry Morton Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, akianzia Kageye, ambayo leo iko upande wa Magu. Watoto wa miaka kumi wanaipenda sana hadithi hii, kuliko tarehe tupu. Ina ugomvi, ina bunduki, na ina mtu aliyepatia jibu bila kuonyesha njia, kosa ambalo mwalimu wa hisabati huwachapia kila siku.

Kisha shukeni majini. Kando ya ufuko karibu na kivuko cha Kamanga kuna lile jiwe la kadi zote za Mwanza, Jiwe la Bismarck. Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakukanyaga Afrika hata siku moja. Alikaa Berlin mwaka 1884 na 1885 akaongoza mkutano wa mataifa yaliyokuwa yakiigombania Afrika, na jina lake likaja kukaa juu ya jiwe letu. Karne imepita na zaidi, Wajerumani wameondoka tangu vita ya kwanza, sisi bado tunapiga picha za harusi na Bismarck.

Kutoka Capri Point mtapanda boti dakika chache hadi Saanane. Hapa jina lina mwenyewe. Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi kisiwani humo, akahamishwa ili pafanywe bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali nchini, mwaka 1964. Wanyama wengine walipitia hapo kwanza kabla ya kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Tangu 2013 Saanane ni hifadhi ya taifa, ndogo mno, kilomita za mraba mbili na kidogo. Watoto watakimbilia pimbi na mijusi ya rangi, waacheni. Lakini mkiwa kwenye boti ya kurudi, tazameni jiwe na kisiwa kwa pamoja. Huku kuna jina la mtu ambaye hakuwahi kufika. Kule kuna jina la mtu aliyeambiwa aondoke. Mimi binafsi sijui mahali pengine Tanzania ambapo mtoto anaweza kuuona ukoloni na maendeleo ya baada ya uhuru katika mtazamo mmoja namna hiyo, bila mtu mzima kutoa hotuba.

Bujora, kule Kisesa, sitaisemea sana kwa sababu shule nyingi huenda. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada, yana jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ngoma ambazo watoto watataka kuzipiga. Kama mnaweza, nendeni Juni wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu wanaposhindana kucheza. Ushindani wao ni wa kweli. Simba na Yanga wasubiri.

Sasa Igoma. Hapa wazazi wengi husema hapana.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba. Ilikuwa meli ya abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Wengi wao wamezikwa Igoma, na kila mwaka tarehe hiyo pana ibada ya kumbukumbu. Nilikuwa darasa la kwanza. Ninachokumbuka ni watu wazima kupunguza sauti ya redio tukiingia sebuleni. Walitulinda, nawaelewa. Lakini matokeo yake ni kwamba kizazi changu tumekua tukijua neno "MV Bukoba" kama jina la maombolezo tu, bila kujua kwamba meli ile ilijaza kuliko uwezo wake, na kwamba kujaza ni uamuzi wa watu. Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, ikiwa imejaza vile vile, ikaua watu zaidi ya 220.

Hapo ndipo Japani inaponivutia kuliko taa za Tokyo. Kule safari ya shule ni mila iliyoanza mwaka 1886, na shule nyingi huwapeleka wanafunzi wake Hiroshima, kwenye makumbusho ya bomu. Pale bustanini kuna mnara wa watoto uliozinduliwa 1958, kwa ajili ya Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka na akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955, akiwa na miaka 12. Waliochangisha fedha za mnara walikuwa wanafunzi wenzake. Watoto wanaofika leo huleta korongo wa karatasi waliokunja darasani. Hawafichwi. Wanapewa kitu cha kufanya kwa mikono yao.

Baba mmoja wa Nyakato nilimwambia haya, akaniuliza, "Mwanangu akiogopa kupanda meli maisha yake yote, utamtibu wewe?" Ni swali halali. Wa miaka sita mwacheni nyumbani kwa shangazi. Lakini wa miaka kumi na miwili anaweza kusimama Igoma, kusoma tarehe, kisha akafundishwa kuhesabu maboya ya kuokolea kila anapopanda chombo. Hiyo ni hofu yenye kazi.

Na apande chombo kweli, kesho yake, kwenda Nansio. Ni kama saa tatu majini. Ukerewe ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, mtu wa ukoo wa watemi. Yeye na mkewe walizika watoto wao wote. Kufikia 1945 alikuwa amekamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu ya mume na mke waliohangaika kupata mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akiingiza humo kilimo, dawa, uvuvi na pombe ya ndizi ili waliokuwa bado hawajazaliwa wajue waliotangulia waliishije. Hakupata mchapaji. Mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980. Alifariki 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia.

Ukiipata, iweke kwenye begi juu ya nguo. Upepo wa ziwa huanza mkishaviacha visiwa vidogo, watoto huchoka kutazama maji baada ya saa moja, na bado mbili.