Tausi wa Kongo

Tausi wa Kongo (Afropavo congensis) ni ndege wa misitu ya bonde la Kongo, ikiwemo misitu inayozunguka Kisangani, mkoani Tshopo. Hapatikani katika nchi nyingine yoyote ila Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ndiye ndege wa taifa hilo. Dume ana rangi ya buluu inayong'aa, shingo nyekundu isiyo na manyoya na kishungi cheupe utosini. Hana ule mkia mrefu wa tausi wa India. Jike ni wa kahawia, mgongo kijani. Huokota matunda na wadudu ardhini, na hulala mtini, ambako dume na jike huitikiana usiku. Huishi wawili wawili.

Wenyeji walimjua kitambo. Mwaka 1913, kule Avakubi, Mmarekani James Chapin alipata unyoya wake mmoja katika kofia ya mwenyeji. Mwaka 1936 alikuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wakiwa wameandikwa kimakosa kuwa ni tausi wa India. Ndipo akampa jina la kisayansi. Inasikitisha kwamba hata leo tausi huyu hunaswa katika mitego ya waya iliyotegewa wanyama wengine.